"Betri Imekufa": Sarufi ya Gereji na Uchunguzi wa Umeme wa Gari mjini Machakos

Matatu itokayo Machakos alfajiri kuelekea Nairobi, safari ya kilomita zipatazo 60, isipowaka abiria huhamia nyingine papo hapo. Katika pupa hiyo hutamkwa sentensi moja: "Betri imekufa." Mwenye gari hutoa maelfu ya shilingi, betri mpya hufungwa, na baada ya siku mbili gari hukwama tena. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba hasara hiyo aghalabu huanzia katika lugha kabla haijafika mfukoni.

Tuchukue neno "haichaji", linalosikika sana katika gereji za jua kali. Betri na altaneta zote ni nomino za ngeli ya I-ZI. Kwa hivyo kiambishi -i- chaweza kurejelea yoyote kati ya hizo mbili. Laiti mojawapo ingekuwa katika ngeli nyingine, upatanisho wa kisarufi ungemfichua mshtakiwa. Hata hivyo, Kiswahili kina namna ya kuzitenga. "Betri haichajiwi", kwa kauli ya kutendwa, humaanisha kwamba umeme hauifikii, na lawama iko kwingine. "Betri haishiki chaji" humaanisha kwamba umeme unaifikia ila haiutunzi. Wapo pia wasemao "betri haina moto", usemi ulio mwangalifu kuliko "imekufa", maana kilichokosa moto chaweza kuwashwa, ilhali kilichokufa huzikwa.

Ni kauli ipi iliyo sahihi? Hilo huamuliwa na kipima volti. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2.1 hivi. Iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.0, imeishiwa, lakini haijafa, ina njaa. Ikikwama karibu na 10.5 hata baada ya kuchajiwa usiku kucha, yamkini chumba kimoja kimeharibika, na hapo "imekufa" ni neno la haki. Kabla ya hayo yote, vichwa vya betri vikaguliwe: unga mweupe au wa kijani unaoota hapo huzuia umeme, na kuusafisha hakugharimu zaidi ya maji ya moto na dakika chache.

Injini ikishawaka, hata kama ni kwa kuazima umeme wa betri ya jirani, kipimo kirejeshwe palepale. Altaneta yenye afya hupandisha volti hadi kati ya 13.8 na 14.5. Zikisalia 12 na kuzidi kushuka taa zinapowashwa, betri haichajiwi. Mshukiwa wa kwanza ni mkanda, ambao ukilegea huteleza na kulia, hususan wakati wa mvua, pale taa na waipa zinapodai umeme mwingi zaidi. Baada yake ni waya na fyuzi, kisha sehemu za ndani ya altaneta yenyewe. Volti zikipita 15, kidhibiti kimeharibika na maji ya betri yatachemka. Hata betri mpya haitadumu humo. Nayo taa nyekundu yenye picha ya betri yapaswa kuwaka ufunguo unapogeuzwa na kuzimika injini inapowaka. Katika magari mengi ya zamani, umeme unaopitia taa hiyo ndio huiamsha altaneta. Taa isiyowaka kamwe, basi, si ishara ya uzima.

Upo mtindo wa kung'oa kichwa kimoja cha betri injini ikinguruma: gari likizimika, altaneta huhukumiwa. Mtindo huu ungefaa kuachwa kabisa. Betri hutuliza mawimbi ya umeme. Ikiondolewa ghafla, volti huweza kuruka na kuunguza diodi, kidhibiti, hata kompyuta ya gari. Mchunguzi huenda akawa ndiye muuaji.

Vipimo vyote vikiwa vizuri na bado betri huamka tupu, umeme unavuja mahali: king'ora, redio, au taa ya buti isiyozimika. Matatu inayopiga muziki stendini injini ikiwa imezimwa haihitaji fundi, inahitaji kimya.

Betri iliyozikwa kimakosa nayo haitoweki, kwani risasi iliyomo huyeyushwa tena. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia wakazi sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyeongoza utetezi wao, alituzwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaibatilisha mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.