Sukari Peke Yake Haizuii Homa ya Uti wa Mgongo

Mbuya ni kilima kilicho mashariki ya jiji la Kampala. Juu yake pana kanisa, kambi ya jeshi na hospitali ya kijeshi. Huko chini, upande wa Kinawataka, nyumba zimebanana, na jamaa nzima huweza kulala katika chumba kimoja. Mahali pa namna hiyo kikohozi cha mmoja huwafikia wote. Bakteria waletao homa ya uti wa mgongo hupastawi pale pale, kwani hukaa puani na kooni mwa watu wenye afya njema bila kuwadhuru, hata wampate aliye dhaifu. Mara nyingi huyo ni mtoto mchanga.

Ukali wao umo katika koti. Nyumokoka, meningokoka na hemofilasi aina ya b, ambao ndio wakuu wa maradhi haya, hujivika koti la sukari linalowaficha wasikamatwe na walinzi wa mwili. Chanjo za meningokoka zilizobuniwa na madaktari wa jeshi la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 zilitengenezwa kwa sukari hiyo tupu. Ziliwafaa makuruta waliosongamana kambini. Mtoto aliye chini ya miaka 2, hata hivyo, mwili wake haujifunzi vyema kuitambua sukari, na chanjo ya namna hiyo humpitia tu.

Uganda ililipata somo hilo nyumbani kwake. Katika miaka ya 1990 watu wazima 1,392 walioishi na virusi vya UKIMWI walishiriki katika majaribio ya chanjo ya sukari tupu ya nyumokoka huko Entebbe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2000: chanjo haikuwakinga, na nimonia ilionekana zaidi kwa waliochanjwa kuliko kwa wenzao. Habari hiyo ilikuwa nzito, kwa maana hao ndio waliohitaji kinga kuliko wengine.

Njia nyingine ilikwisha kujulikana zamani. Mwaka 1931, huko New York, Oswald Avery na Walther Goebel waliifunga sukari ya nyumokoka kwenye protini, na miili ya sungura ikaitambua. Sukari ni kama mgeni asiyejulikana na mtu. Akiletwa mlangoni na jirani, wenye nyumba humtazama na kumkumbuka. Protini ndiyo jirani huyo. Chanjo ya aina hii ilipojaribiwa Malawi kwa watu wenye virusi vya UKIMWI, matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha kinga ya asilimia 74.

Watoto wa Uganda walianza kuchanjwa dhidi ya hemofilasi kwa njia hiyo mwaka 2002. Haikutimu miaka sita kabla homa ya uti wa mgongo ya bakteria huyo haijakaribia kutoweka katika hospitali zilizofuatiliwa, Mulago ikiwamo. Chanjo ya nyumokoka ilifuata mwaka 2013. Januari 2017 ilikuwa zamu ya meningokoka aina ya A, ambaye sukari yake imefungwa kwenye protini ya pepopunda. Wilaya 39 zilifikiwa, hasa za kaskazini.

Kazi haijaisha. Nyumokoka ana aina zaidi ya 90 za koti, na chanjo iliyoanza mwaka 2013 ilikuwa na 10 tu. Koti la meningokoka aina ya B nalo linafanana mno na sukari iliyomo katika ubongo wa binadamu, hata mwili hulidhania lake. Kwa hiyo wataalamu wameliacha koti wakatafuta protini za bakteria mwenyewe. Urithi wote wa meningokoka B ulisomwa na kutangazwa mwaka 2000, protini zikachaguliwa humo, na chanjo ikakubaliwa Ulaya mwaka 2013. Kwa nyumokoka mambo ni magumu zaidi: watoto wa Gambia walipopewa chanjo yenye protini zake, matokeo ya mwaka 2017 hayakuonyesha kwamba bakteria walipungua puani mwao.

Wakati utafiti huo ukiendelea, mama wa Mbuya anayo kadi ya kliniki. Sindano za hemofilasi na za nyumokoka hutolewa mtoto akiwa na majuma 6, 10 na 14, na anayekosa ya tatu huachwa na kinga pungufu. Mtoto aliyechanjwa naye aweza kuugua, kwa kuwa aina nyingine za bakteria zimebaki. Homa kali, kutapika, degedege, kukataa ziwa, kulala usingizi usio wa kawaida na utosi uliovimba ni dalili za kumkimbiza hospitali saa ile ile, wala si za kungojea dawa ya malaria ifanye kazi. Shingo ya mtoto mchanga huweza isikakamae kabisa. Na daktari akitaka kuchota maji ya mgongoni, mzazi asikatae kwa kusikia kwamba sindano hiyo huua. Bila maji hayo ni shida kujua ni bakteria gani na dawa gani itamfaa.