Masika na Lugha ya Vibao vya Maduka: Mfano wa Mackinnon Road

Vitabu vya tafsiri humpa msomaji istilahi "majira ya kuchipua", ambayo kwa hakika ni majira ya Ulaya yaliyovishwa kanzu ya Kiswahili. Katika Pwani ya Kenya kinachogeuza mwaka kati ya Machi na Mei ni masika, wakati kaskazi inapokoma na kusi kuanza kuvuma. Huko Diani na Msambweni neno hilo huandamana na minazi na bahari. Mackinnon Road ni Kwale ileile, lakini iko barani, kandokando ya Nyika ya Taru, ambako mvua ni ya kubahatisha. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi msimu na barabara zinavyobadilisha nyuso za maduka ya mji huo mdogo, na jinsi lugha inavyobadilika pamoja nazo.

Jina lenyewe ni kibao cha kwanza. Sir William Mackinnon, Mskoti aliyefariki mwaka 1893, ndiye aliyeasisi Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati mwaka 1888. Njia ya mikokoteni ya ng'ombe iliyokatwa kuelekea bara miaka ya 1890 iliitwa kwa jina lake, na reli ikafuata kuanzia 1896. Mwaka 1954, katika Hali ya Hatari, watu waliokamatwa Nairobi waliletwa kuzuiliwa katika kambi ya hapo. Si rahisi kuuona msiba huo kwenye vibao vya leo.

Kando ya reli ya zamani umesimama msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambaye inasimuliwa kuwa alikuwa mjenzi wa reli kutoka Bara Hindi, na kwamba karai la zege lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Madereva wengi husimama hapo wakaomba dua na kutoa sadaka. Desturi hiyo ni ya imani, lakini aliyesimama kuomba aghalabu hununua pia maji na chai.

Fauka ya wasafiri, duka la Nyika humtegemea mkulima na mfugaji wa Kiduruma. Masika yakitia, majembe na mbegu za mahindi na kunde hutolewa mlangoni. Yakikosa, mitungi ya maji ndiyo hutangulia mbele. Kwa hivyo mpita njia anaweza kusoma hali ya mvua barazani kabla hajatazama shamba.

Maandishi ya juu ya milango nayo yana tabaka. "Duka" lilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi. "Hoteli" imepoteza vitanda vyake vya Ulaya ikabaki na ugali na chai. "Kinyozi" ni nomino ya Kibantu halisi, kutokana na kitenzi "nyoa". Kisha Machi 2007 ikazinduliwa M-Pesa, na kuta nyingi za barabara kuu zikageuka kijani. Mwaka 2013 likaja tangazo la "Lipa na M-Pesa", ambalo mwalimu wa sarufi hawezi kulipita kimya: ala huhitaji "kwa", ilhali "na" huonyesha kuandamana au mtenda. Hata hivyo, muundo huo umesomwa na watu wengi kuliko kitabu chochote cha sarufi, na kuuita kosa tu hakuelezi nguvu yake.

Hatari kubwa zaidi haikutoka kwa rangi. Reli mpya ilianza kubeba abiria mwaka 2017 na mizigo mwaka 2018, na treni za abiria hazina kituo Mackinnon Road. Amri ya mwaka 2019 ya kupeleka makasha yote kwa reli ilizua maandamano Mombasa, kwa kuwa lori lisilopita halinunui chakula njiani. Mwaka 2022 waagizaji walirudishiwa hiari ya kuchagua, malori yakaendelea na safari zake. Lakini duka lililofungwa likifunguliwa tena na mwenye biashara mwingine, hupakwa rangi mpya, na jina la kwanza, lililoandikwa kwa mkono wa mchoraji wa mtaani, huzikwa chini yake kabla ya mtafiti yeyote kulinakili.