Nambari Hasi na Utata wa Neno "Kubwa": Mfano wa Biliqo

Utangulizi

Kulinganisha nambari hasi ni miongoni mwa mambo yanayowatatiza wanafunzi wa Sekondari Msingi. Mwanafunzi huulizwa: kati ya -8 na -3, ipi ni kubwa? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ugumu wa swali hilo hautokani na hesabu pekee, bali pia na lugha inayotumiwa kuliuliza. Kielelezo ni Biliqo, katika Kaunti ya Isiolo, eneo la wafugaji Waborana. Kwa mujibu wa sera ya elimu nchini Kenya, Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia kuanzia Gredi ya 4. Mtoto wa Biliqo basi hutoka nyumbani na Kiborana, akakutana na hisabati kwa Kiingereza. Mwalimu asiyejua Kiborana akitaka kumfafanulia, Kiswahili ndicho daraja lililo karibu.

Maswali mawili katika neno moja

Katika mazungumzo ya kawaida, kivumishi -kubwa hurejelea kiasi. Deni la mbuzi 8 ni kubwa kuliko deni la mbuzi 3. Mwanafunzi anayejibu kuwa -8 ni kubwa kuliko -3 amefuata maana hiyo barabara. Katika hisabati, hata hivyo, "kubwa" huonyesha nafasi: nambari kubwa ni ile iliyo kulia zaidi kwenye mstari wa nambari. Kwa kuwa -3 iko kulia kwa -8, -3 ndiyo kubwa.

Hivyo basi neno moja limebebeshwa maswali mawili: "Ni kiasi gani?" na "Iko wapi?" Swali la kwanza ndilo la thamani halisi, yaani umbali wa nambari kutoka sifuri bila kujali upande. Thamani halisi ya -8 ni 8, na ya 8 ni 8 vilevile. Alama yake ya mistari miwili ya wima, kama katika |-8| = 8, ilitumiwa na mwanahisabati Mjerumani Karl Weierstrass mwaka 1841.

Mifano ya mazingira ya wafugaji

Mfano wa baridi iliyo chini ya sifuri haumfai sana mtoto wa nchi kame yenye joto. Kisima kinafaa zaidi. Uso wa ardhi uwe sifuri. Maji ya kisima kimoja yako mita 3 chini, yaani -3. Ya kingine yako mita 8 chini, yaani -8. Kisima kipi kina kina kirefu zaidi? Cha -8. Maji yapi yako juu zaidi? Ya -3. Anayeteka maji hawezi kuyachanganya majibu hayo mawili.

Mifugo nayo hutoa mfano. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliangamiza mifugo wengi kaskazini mwa Kenya. Chukulia kwamba boma moja lilipoteza ng'ombe 12 na jingine 5. Mabadiliko ni -12 na -5. Ukoo unapochanga mifugo kwa desturi ya busa gonofa ili kumwinua aliyefilisika, ukubwa wa hasara ni jambo la kutazamwa, nao ni thamani halisi. Lakini kwenye mstari wa nambari, -5 iko juu ya -12. Fikra hii ya hasara na deni ni kongwe: mwaka 628, Brahmagupta wa Bara Hindi aliziita nambari chanya mali na nambari hasi madeni.

Hitimisho

Inapendekezwa kwamba mwalimu atenganishe maswali hayo kabla ya kutumia alama za < na >. Kuhusu nafasi, aulize: "Ipi iko juu zaidi?" Kuhusu thamani halisi, aulize: "Ipi iko mbali zaidi na sifuri?" Kwa wanafunzi wa Kiswahili, funzo ni kwamba kazi ya istilahi haimaliziki kwa kupata maneno kama "hasi" na "chanya". Maneno ya kila siku, kama vile -kubwa na -dogo, nayo yahitaji kuchunguzwa yanapoingia darasani. Vinginevyo, mtoto anayejua vyema tofauti ya deni la mbuzi 8 na la mbuzi 3 atatiwa alama ya kosa, naye ataamini kwamba hisabati imemshinda.