Fahamu: Kwa nini goti huumia bila kuguswa
Mashabiki wa uwanja wa Bukhungu, Kakamega, wanaijua hali hii: beki anageuka ghafla, hakuna aliyemgusa, anaanguka akishika goti. Mara nyingi kilichokatika ni ligamenti ya mbele, mojawapo ya mbili zinazopishana kama msalaba ndani ya goti. Kazi yake ni kuuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya ule wa paja.

Tatizo, hata hivyo, huweza kuanzia juu. Nyonga huzunguka kila upande; goti hujikunja na kunyooka, likijizungusha kidogo tu. Ukisimama kwa mguu mmoja, misuli ya kando ya nyonga huvuta kwa nguvu ili kiuno kisiinamie upande wa pili, na kiungo cha nyonga hubeba karibu mara 3 ya uzito wako. Ndiyo, kwa kusimama tu! Misuli hiyo ikilegea, paja huingia ndani, goti linafuata, na njumu zimeshanasa nyasini.

Wanawake wako hatarini zaidi ya wanaume. Makocha, kukimbia mizunguko hakutoshi: jaribuni mazoezi ya FIFA 11+, ya dakika 20 hivi, yanayofundisha kutua na kugeuka goti likielekea vidole vya mguu.