Upele Usiotoka: Nyumba Nzima kwa Usiku Mmoja

Kwa miezi mitano nyumba yetu ya Majengo haikulala vyema. Mchana tulikuwa watu kama watu. Usiku taa ilipozimwa, na miili ikapata joto chini ya mablanketi ambayo baridi ya Nairobi haituruhusu kuyaacha, kila kitanda kilianza kutoa mlio wa kucha juu ya ngozi. Mtoto alijikuna usingizini, mama akaamka kumshika mikono, na huku mkono wake mwingine u kiunoni mwake mwenyewe. Jamaa zetu wa Mombasa na Lamu walipotaka kuja kututembelea tuliwapa visingizio ili wasilale kwetu.

Ulianza kwa kijana wetu aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni. Vipele vidogo vilikuwa baina ya vidole vyake na kwenye vifundo vya mikono. Tukasema ni mbu. Vilipoenea kiunoni tukasema ni kunguni, maana kunguni wa Majengo hawangoji kualikwa. Tukamwagia vitanda maji ya moto, tukapuliza dawa, tukaanika magodoro uwani. Kunguni walipungua, kujikuna kukazidi. Kwenye duka la dawa tukauziwa krimu, mwasho ukatulia siku nne tano, tukamshukuru Mungu, kisha vipele vikarudi vimeenea zaidi. Baadaye tulifahamishwa kwamba krimu ile ilikuwa na steroidi, ambayo hupoza mwasho na wekundu bila kukiua kidudu, na huweza kuuficha ugonjwa hata daktari asiutambue kwa urahisi.

Muuguzi wa kituo cha afya ndiye aliyetuuliza swali ambalo hatukuwahi kuulizwa: ni nani mwingine nyumbani anayejikuna usiku? Tulijibu kwa haraka, na jibu letu halikuwa kamili. Tulisema ni kijana na dadake tu. Akaandika dawa ya wawili, wakapakwa, wakapona. Baada ya wiki tatu wakaanza upya. Mara ya pili tukawatibu watoto watatu, na mara ya tatu watoto pamoja na mama yao. Kila mara waliotibiwa walipona, na kila mara walirudi kulala ubavuni mwa mtu ambaye hakutibiwa.

Upele huletwa na kidudu cha jamii ya utitiri, ambacho jike lake halifiki nusu milimita. Huchimba kijia katika tabaka la juu la ngozi, na humo hutaga mayai mawili au matatu kwa siku. Mayai huanguliwa kwa siku tatu au nne, na baada ya wiki mbili hivi kizazi kipya kimekwisha kupevuka. Mgonjwa wa kawaida hubeba vidudu 10 hadi 15 tu mwili mzima. Mwasho hautokani na wingi wao, bali na mwili kuvikataa vidudu hivyo, mayai yake na kinyesi chake. Hapo ndipo palipotuponza. Mtu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kuwashwa. Katika wiki hizo hajikuni, hana kipele, na anaambukiza. Aliyewahi kuugua, akiambukizwa tena, mwasho humrudia baada ya siku chache tu. Kwa hiyo wale tuliowaita wazima nyumbani mwetu huenda walikuwa wakingoja zamu yao.

Mwezi wa nne tulipata tishio. Binti yetu wa miaka minne alijikuna hata vipele vikawa vidonda vyenye usaha. Asubuhi moja aliamka uso umevimba, macho hayafunguki sawasawa, na mkojo wake una rangi ya chai isiyo na maziwa. Hospitalini tulielezwa kwamba bakteria wakiingia katika ngozi iliyochunika huweza kuuchochea mwili hata figo zikadhurika. Alilazwa siku tisa. Alhamdulillahi, alipona.

Jioni aliyorudi, baada ya Maghrib, Bibi yetu aliwaita wanawake wa nyumba chumbani kwake, akafunga mlango kwa komeo, akafungua leso. Chini ya matiti, kiunoni, mapajani na mgongoni hapakuwa na mahali pazima. Alikuwa nao upele tangu mwezi wa pili. Mjukuu aliyelazwa ndiye aliyelala naye kitanda kimoja kila usiku. Bibi ni miongoni mwa wanawake wanaoitwa kuwaosha maiti wa kike katika mtaa wetu, na amefanya kazi hiyo tangu wengi wetu hatujazaliwa. Alihofu kwamba mwoshaji akisemwa ana upele, hataitwa tena na nyumba yoyote. Tukakumbuka jinsi alivyokuwa ameacha kuwapa wageni mkono, akisingizia kwamba mikono yake ina unga. Tulilia naye, na hatukumlaumu, kwani hata sisi tulikuwa tumewaficha majirani.

Haya hiyo ina chanzo chake: watu huuhesabu upele kuwa ugonjwa wa wachafu. Tunaotawadha mara tano kwa siku huona aibu maradufu. Lakini maji na sabuni havikitoi kidudu kilichojichimbia ndani ya ngozi, na nyumba safi kabisa huweza kuugua kama nyingine yoyote. Upele huenezwa na ngozi kugusana na ngozi kwa muda: kulala kitanda kimoja, kumpakata mtoto, kumwogesha mgonjwa. Salamu ya mkono ya kupita haina hatari kubwa. Kwa mke na mume hupitana kwa wepesi, na hapo huzuka dhana mbaya. Tunaijua nyumba ambamo mke alirudi kwao kwa ajili ya vipele ambavyo pengine vililetwa na mtoto aliyetoka shuleni. Mwasho unapochelewa wiki nne hadi sita, ni vigumu mno kutaja kwa yakini ni nani aliyeuleta.

Waarabu wa zama za Mtume (s.a.w.) waliujua upele kwa ngamia wao. Katika Sahihi za Bukhari na Muslim imepokewa habari ya bedui aliyeuliza juu ya ngamia wazima wanaopatwa na upele baada ya kuchanganyika na ngamia mgonjwa, naye Mtume akamrudishia swali: wa kwanza aliambukizwa na nani? Imepokewa pia kwamba alikataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka walipo wazima. Masheikh wana maelezo marefu juu ya habari hizi mbili. Sisi, katika dhiki yetu, zilitutosha kutuzuia tusimsake mkosaji, na zikatuhimiza tuchukue tahadhari. Tena masahaba wawili wakubwa, Abdurrahman bin Auf na Zubeir bin Awwam, walipopatwa na mwasho waliruhusiwa kuvaa hariri, ambayo kwa kawaida ni haramu kwa wanaume. Mwasho wao haukufichwa, na hadi leo tunausoma. Hata kidudu chenyewe waganga wa Kiislamu walikitaja mapema: Ahmad al-Tabari katika karne ya 10, na Ibn Zuhr wa Andalusia katika karne ya 12, kabla ya Mtaliano Bonomo kukieleza mwaka 1687 kwa msaada wa hadubini.

Basi tukahesabu upya watu wa nyumba. Katika Majengo neno nyumba lina upana wake. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilitoa viwanja na watu wakajijengea wenyewe, ndipo likaja jina Majengo. Walijenga kama walivyojenga wa Pwani: vyumba vimepangana pande mbili za ukumbi mrefu, na ua nyuma wenye jiko, choo na kamba za kuanikia. Wenye nyumba wengi walikuwa Waislamu, na wanawake hawakuwa wachache miongoni mwao. Leo kila chumba kina familia yake. Yetu ina vyumba sita, na sisi tuna viwili. Lakini watoto wa vyumba vyote sita hulala mchana juu ya mkeka mmoja, huvaliana kofia na sweta, na mtoto mchanga wa chumba cha mwisho hubebwa na kila msichana anayepita. Kwa upele, hiyo ni familia moja.

Mfano wa kutibu watu wengi kwa pamoja uko karibu nasi. Kuanzia mwaka 2001, Zanzibar iligawa vidonge vya ivamektini na albendazo kwa wakazi wa Unguja na Pemba, mara moja kwa mwaka, kwa nia ya kutokomeza matende. Baada ya miaka michache watafiti walichunguza kumbukumbu za vituo vya afya, wakaona wagonjwa wa upele wamepungua mno, ingawa kampeni haikuwa ya upele. Ivamektini huua kidudu cha upele pia, na watu wengi waliimeza kwa wakati mmoja, hata hakikupata mwenyeji wa kukimbilia.

Tukabisha mlango mmoja mmoja. Tulitanguliza habari ya mtoto na figo zake, kisha tukasema wazi kwamba sisi tunao upele. Vyumba vitatu vilikiri papo hapo. Cha nne kilikana, na siku ya pili mama wa humo akatufuata uwani wakati wa kufua. Jirani yetu Mkristo wa chumba cha tano hakuwa na fedha za dawa kwa watoto wanne, tukachanga kama tunavyochanga kwa harusi na matanga. Muuguzi alipopata orodha ya watu ishirini na sita, aliandika dawa ya wote kwa siku moja.

Tulichagua usiku wa Alhamisi, kwa kuwa asubuhi yake kuna josho la Ijumaa. Tuliandikiwa krimu ya permethrini ya asilimia 5, ambayo hukaa mwilini saa 8 hadi 14, nasi tuliipaka baada ya Isha ili ikae hadi Alfajiri. Tulioga mapema, tukaacha ngozi ikauke na kupoa, tukakata kucha zote. Wakubwa walijipaka kuanzia shingoni hadi nyayoni, pamoja na kitovuni, baina ya vidole, chini ya kucha na sehemu za siri, bila kuruka mahali pasipowasha. Watoto wadogo na Bibi walipakwa hata kichwani na usoni, macho na mdomo vikiepukwa. Mgongo ndio mtihani, kwa kuwa hakuna anayejifikia mwenyewe. Bibi alikubali bintiye ampake, na mke na mume wakapakana. Aliyeamka kwa tahajudi akatawadha alijipaka tena mikono na miguu, kwa sababu kidudu hupenda sana vidole, na dawa iliyooshwa haifanyi kazi. Wanaotumia benzili benzoeti, ile dawa nyeupe ya maji, wakumbuke hili zaidi, maana hiyo huachwa muda mrefu na hurudiwa kama atakavyoelekeza mhudumu, na kwa watoto huzimuliwa. Mjamzito na mtoto wa chini ya miezi miwili wasipewe chochote kabla ya kuonwa na daktari. Wao huweza kupewa marhamu ya kiberiti, na vidonge vya ivamektini si vyao.

Asubuhi ilikuwa ya kufua. Shuka, leso, kanzu, mabuibui na nguo za siku tatu zilizopita ziliingia katika maji ya moto, kisha juani. Kidudu nje ya mwili hakiishi zaidi ya siku mbili tatu, kwa hiyo misala, mito na makoti tuliyafunga katika magunia mazito kwa wiki nzima, tukayaweka juu ya kabati. Hatukuchoma godoro hata moja. Wapo waliotushauri tupake mafuta ya taa, au dawa ya kuogeshea ng'ombe. Tunaomba kwa dhati asifanye hivyo mtu yeyote, hasa kwa mtoto. Maji ya mwarobaini tuliyaogea, yakatuburudisha, lakini hatukuyahesabu kuwa tiba. Alhamisi iliyofuata watu wote ishirini na sita walipakwa tena, ili vidudu vilivyoanguliwa baada ya usiku wa kwanza visipate nafasi.

Ilitubidi kuvumilia jambo moja zaidi. Baada ya Alhamisi ya pili tuliendelea kujikuna, na baadhi yetu walitaka kurudia dawa kila usiku. Muuguzi alikataa. Vidudu vilivyokufa hubaki ndani ya ngozi hadi ngozi yenyewe ijivue, na mwasho huweza kudumu wiki mbili hadi nne, tena kupaka dawa kupita kiasi huwasha ngozi vilevile. Alituambia tutazame vipele vipya tu. Wiki ya nne ilikwisha bila kuona kipele kipya. Kijana wetu bado ana vinundu viwili kwapani, ambavyo tumeambiwa huchukua miezi kutoweka na haviambukizi. Mwalimu wa chuo, aliyekuwa akimketisha peke yake karibu na mlango, alielezwa hayo na baba yake, akamrudisha katika safu.

Bibi aliitwa kuosha maiti siku kumi baada ya hapo. Kabla ya kutoka aliitazama mikono yake kwenye mwanga wa dirisha, mbele na nyuma, akachukua mkoba wake akaenda.