Kabla Hujamwokota Mtoto wa Mnyama

(Muziki wa kufungua, kisha unashushwa)

Juzi sokoni nilimkuta kijana anamvuta mtoto wa tumbili kwa kamba. Nikamuuliza, mdogo wangu, umemtoa wapi? Akajibu: "Ni yatima, kaka. Ninamsaidia." Sikumcheka, maana nia yake ilikuwa njema. Lakini tuongee.

Mliotoka Kivu Kusini mnaijua Lwiro, jirani na mbuga ya Kahuzi-Biega. Tangu mwaka 2002 kuna kituo pale kinacholea sokwe mtu na tumbili waliookolewa. Wengi hufika wachanga: mwindaji ameua mama kwa ajili ya nyama, mtoto akauzwa. Na sokwe hupigania watoto wao, kwa hiyo ili apatikane mtoto mmoja, wakubwa kadhaa wanaweza kuuawa. Ukimnunua kwa huruma, umempa mwindaji sababu ya kurudi msituni.

Kulea nako ni kazi ya miaka. Sokwe mtu hunyonya miaka minne hadi mitano, na muda mwingi yuko mwilini mwa mama. Kituoni, akina mama walezi ndio wanaombeba. Na watu wa kujitolea je? Wengi hudhani wataenda kupakata watoto. Kumbe kazi kubwa ni kuosha chupa, kukata matunda na kusugua vizimba. Tena hupimwa kwanza kifua kikuu na huvaa barakoa, kwa sababu mafua yetu haya ya kawaida yanaweza kumuua sokwe.

Sisi hatutoki kambini bila kibali, na Lwiro ni mbali. Kujitolea kwetu kunaanzia kwenye kuni. Ukimkuta mtoto wa swala amelala peke yake majanini, mwache. Mama yake amemficha, yuko malishoni, atarudi ukiondoka. Ukimkuta tumbili mchanga kando ya mama aliyekufa, usimshike, usimpe maziwa ya ng'ombe. Ondoa watoto hapo, mwambie kiongozi wa eneo lako awaite askari wa wanyamapori. Akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda zahanati siku hiyohiyo, maana kichaa cha mbwa hakiko kwa mbwa tu.

Yule kijana alikuwa na alama za meno mkononi. Niliongozana naye hadi zahanati, akaninunia njia nzima. Tumbili alichukuliwa na askari jioni ile.

(Muziki)