Nakala Akiba na Urejeshaji wa Data katika Kompyuta ya Nyumbani: Mazingira ya Mtafiti wa Kiswahili mjini Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna data za utafiti wa lugha zinavyoweza kuhifadhiwa na kurejeshwa katika kompyuta ya nyumbani, kwa kuzingatia mazingira ya Bujumbura. Hoja inayoongoza mjadala ni kwamba nakala akiba hupimwa kwa urejeshaji wake. Makala yanaanza na istilahi, yanapitia hatari za mahali, kisha yanajikita katika hatua ambazo mtafiti asiye mtaalamu wa kompyuta anaweza kuzitekeleza mwenyewe.

Utangulizi

Kiswahili cha Bujumbura kimeandikwa kidogo kuliko kinavyosemwa. Kimeishi kwa miongo mingi vinywani mwa wakazi wa Buyenzi, mtaa ulioanza enzi ya ukoloni, wakati mji huu ulipoitwa Usumbura, na hadi leo unajulikana kuwa mtaa wa Waswahili. Baada ya Burundi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lugha hii imepata msukumo mpya shuleni na vyuoni, na pamoja na msukumo huo wamejitokeza watafiti wanaorekodi mazungumzo ya wazee, ya mafundi wa magari na ya wachuuzi wa sokoni. Rekodi hizo hufanywa kwa simu au kinasasauti, kisha huhamishiwa kwenye kompyuta iliyopo nyumbani. Mara nyingi safari yake huishia hapo.

Tasnifu iliyopotea inaweza kuandikwa upya, ingawa kwa uchungu. Sauti ya mzee wa miaka 80 aliyesimulia maisha ya Buyenzi kabla ya uhuru haiwezi kurekodiwa upya akishafariki. Tofauti hii ndiyo inayofanya suala linalodhaniwa kuwa la mafundi wa kompyuta liwe pia suala la wanaisimu.

Istilahi na dhana

Kiswahili kina majina zaidi ya moja ya dhana inayojadiliwa. Nakala rudufu ndilo lililoenea zaidi katika programu zilizotafsiriwa. Lipo pia chelezo, neno la mabaharia kwa kitu kinachoelea, ambalo baadhi ya wafasiri wamelichukua kwa maana hii. Taswira yake ni nzuri, kwani chombo kikizama huwa kuna cha kushikilia. Hata hivyo, makala haya yanatumia nakala akiba. Kurudufu ni kuzidisha tu, na faili iliyonakiliwa mara tatu ndani ya diski ileile imerudufishwa bila kuwekewa akiba yoyote. Neno akiba linadai kwamba kitu kimetengwa, kimewekwa kando, na kitapatikana siku ya haja.

Ni muhimu vilevile kutenganisha kurejesha na kuokoa. Kurejesha ni kuchukua nakala iliyoandaliwa mapema na kuirudisha mahali pake. Kuokoa ni kujaribu kutoa data kutoka katika diski iliyoharibika au faili zilizofutwa bila nakala nyingine. Jambo la kwanza ni utaratibu, la pili ni bahati. Mtu anayempelekea fundi diski isiyosoma akiomba arejeshewe data, kwa hakika anaomba aokolewe.

Hatari za mahali

Vitabu vya kompyuta huanza na kuharibika kwa diski. Mjini Bujumbura orodha ni ndefu zaidi. Umeme hukatika na kurudi ghafla, na kompyuta ya mezani inayozimika katikati ya kuandika faili inaweza kuiacha faili hiyo nusu. Kompyuta ya mapajani ina nafuu kwa sababu ya betri yake, alimradi betri hiyo bado ina uhai.

Yapo pia maji na moto. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua kubwa ilisababisha mafuriko katika mitaa ya kaskazini mwa mji, na watu zaidi ya 60 walifariki. Mwezi Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika na kuwahamisha maelfu ya wakazi wa Gatumba, na katika miaka iliyofuata Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda hadi kuingia katika nyumba za ufukweni. Soko kuu la Bujumbura liliteketea tarehe 27 Januari 2013, na kwa wafanyabiashara wengi daftari za madeni ziliondoka pamoja na bidhaa. Mei 2015 vituo kadhaa vya redio binafsi viliharibiwa, baadhi yake kwa moto. Sauti zilizowekwa katika jengo moja huondoka na jengo hilo, na kompyuta yenye diski ya akiba iliyolala pembeni yake juu ya meza moja haina salama zaidi ya hapo. Mwizi naye huvichukua vyote viwili kwa mkono mmoja.

Hatari iliyo ya kila siku, lakini isiyotajwa sana, ni flashi. Mtafiti huipeleka kwenye kibanda cha kuchapisha na kutoa fotokopi, huichomeka katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi, kisha hurudi nayo nyumbani. Virusi vilivyozoeleka zaidi katika mzunguko huo huficha faili halisi na kuonyesha alama za njia ya mkato mahali pake. Mwenye flashi huona mambo ya ajabu, hudhani kila kitu kimepotea, na huifomati. Kwa kufanya hivyo huwa amefuta mwenyewe data ambazo virusi havikuzigusa. Faili hizo zilihitaji kufichuliwa tu, kwa kuiagiza kompyuta ionyeshe vilivyofichwa, baada ya flashi kusafishwa kwa programu ya kuzuia virusi.

Nakala tatu na hesabu zake

Kanuni inayotumika kote duniani ilienezwa na mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu utunzaji wa picha za kidijitali. Data ziwe katika nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na nakala moja ikae mahali pengine. Haishangazi kwamba ilitoka kwa mpigapicha, kwani naye, kama mwanaisimu wa uwandani, hushughulika na vitu visivyojirudia.

Kwa mtafiti wa Bujumbura, nakala ya kwanza ni ile ya kompyuta anayofanyia kazi. Ya pili ni diski ya nje, inayounganishwa wakati wa kunakili na kuchomolewa mara kazi inapokwisha. Kuichomoa si ushamba. Virusi vya kudai fidia, kama vile vilivyoenea duniani Mei 2017 kwa jina la WannaCry, hufunga kila faili vinayoweza kuifikia, ikiwa ni pamoja na zile za diski ya akiba iliyoachwa imechomekwa.

Nakala ya tatu ndiyo yenye ugumu. Jibu la kawaida ni wingu, yaani kompyuta za kampuni fulani zilizo mbali. Hapa hesabu ni lazima. Sauti isiyobanwa, iliyorekodiwa kwa kilohezi 48 na biti 24 katika njia mbili, huchukua takriban gigabaiti moja kwa saa. Mazungumzo ya saa 40, kiasi cha kawaida kwa utafiti wa uzamivu, hufikia takriban gigabaiti 41. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde, kazi hiyo itadai zaidi ya saa 18 bila kukatika kwa umeme wala mtandao. Kwa megabiti moja, ni takriban siku nne mfululizo. Anayelipia intaneti kwa vifurushi vya simu anaweza kujikadiria gharama mwenyewe.

Kwa upande mwingine, unukuzi wa saa hizo zote 40, tafsiri yake, orodha ya wazungumzaji na tasnifu nzima ni megabaiti chache tu. Kwa hiyo data zigawanywe kulingana na uzito. Maandishi yapelekwe katika wingu kila wiki, au hata kila siku. Sauti ziwekwe katika diski ya pili ya nje inayokaa kwa ndugu au mwenzake wa kazi anayeishi mtaa mwingine, ikiwezekana upande wa milimani ikiwa mtafiti anaishi karibu na ziwa. Kila anaporudi kutoka uwandani, diski mbili hubadilishana zamu. Utaratibu huu wa miguu ni wa kizamani, lakini unashinda intaneti dhaifu kwa mbali.

Wingu lenyewe, nalo lipo ardhini. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja waliodhani kwamba kuweka data huko kunatosha walipoteza kila kitu.

Kusawazisha si kuweka akiba

Kosa linalowapata hata watumiaji wazoefu ni kuchukulia folda inayojisawazisha na wingu kuwa nakala akiba. Folda ya namna hiyo huiga kila tendo. Faili ikifutwa nyumbani, hufutwa na huko. Sura ya tatu ya tasnifu ikihifadhiwa kimakosa juu ya sura ya pili, kosa hilo husafiri kwa uaminifu mkubwa. Huduma nyingi huweka faili zilizofutwa kwa muda fulani, lakini muda huo huisha.

Kinachohitajika ni nakala zenye historia. Mfumo wa Windows una chombo cha namna hiyo tangu toleo la 8 la mwaka 2012, ambacho katika kompyuta nyingi za Bujumbura huonekana kwa jina lake la Kifaransa, Historique des fichiers. Kompyuta za Apple zina Time Machine tangu 2007. Vyote viwili huhifadhi matoleo ya faili kadiri yanavyobadilika. Ila chombo cha Windows hufuata folda zilizozoeleka za mtumiaji, na mtafiti aliyeweka rekodi zake katika sehemu nyingine ya diski, kama wengi wafanyavyo, atagundua siku ya msiba kwamba hazikuwahi kunakiliwa. Orodha ya folda zinazofuatwa ikaguliwe kwa macho.

Wala nakala ya kiotomatiki haiondoi haja ya kukagua. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza terabaiti takriban 77 za data za watafiti. Kilichofuta data hizo kilikuwa utaratibu wenyewe wa kuweka akiba, uliokuwa na hitilafu baada ya kusasishwa.

Urejeshaji

Faili ikifutwa na hakuna nakala, hatua ya kwanza ni kuacha kuitumia kompyuta hiyo. Kufuta hakuondoi maudhui papo hapo. Mfumo hutia alama kwamba nafasi ile iko wazi, na kila faili mpya inaweza kukaa juu ya ile ya zamani. Programu huru kama PhotoRec zinaweza kuokoa kilichobaki, mradi zisisakinishwe katika diski ileile inayookolewa. Kwa diski za SSD matumaini ni madogo zaidi, kwa kuwa nyingi husafisha nafasi zilizoachwa wazi muda mfupi baada ya kufuta.

Nakala ikiwepo, kazi huonekana rahisi, na hapo ndipo data za lugha huonyesha tabia zake. Faili za unukuzi za programu ya ELAN hazibebi sauti ndani yake. Zinakumbuka tu njia ya kuifikia. Zikirejeshwa katika folda yenye jina jingine, zitafunguka na kuuliza sauti iko wapi, na aliyenakili unukuzi bila sauti hatakuwa na jibu. Programu ya kamusi ya FieldWorks ina amri yake ya kutengeneza nakala akiba, nayo itumike badala ya kunakili folda wakati programu iko wazi, kwani nakala ya namna hiyo inaweza kuwa pungufu. Data za miaka ya 1990 zina tatizo lao. Alama za kifonetiki zilizoandikwa kwa fonti kama SIL Doulos IPA93 zitarudi salama kibaiti kwa baiti, kisha zisomeke kama herufi zisizo na maana, kwa sababu zilitangulia kuenea kwa Unicode. Toni za Kirundi, ambazo mtafiti wa athari za lugha mama hawezi kuziacha, huathirika kwanza.

Kuna na kikwazo kidogo cha kienyeji. Kompyuta nyingi za Bujumbura zina kibodi ya Kifaransa, ambapo A imekaa pa Q, Z imekaa pa W, na tarakimu hudai kitufe cha herufi kubwa. Mtafiti akifunga diski kwa nywila nyumbani, kisha akajaribu kuifungua Nairobi au Dar es Salaam kwa kibodi ya Kiingereza, vidole vyake vitaandika kitu kingine huku skrini ikionyesha nukta tu. Atasadiki kwamba nakala imeharibika, ilhali ni nzima.

Haya yote hujulikana mapema kwa njia moja: kujaribu. Mwaka 1998, katika studio ya Pixar, amri iliyokosewa ilifuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, na ndipo ikabainika kwamba mfumo wa akiba ulikuwa umeacha kufanya kazi bila yeyote kujua. Filamu iliokolewa na nakala iliyokuwa katika kompyuta ya nyumbani ya mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua. Mtafiti wa Bujumbura anaweza kufanya jaribio lake kila muhula. Achukue diski ya akiba, aiunganishe na kompyuta ya mwenzake, afungue rekodi moja ya zamani, moja ya mwaka huu na unukuzi wa kila moja, asikilize dakika chache za katikati na za mwisho, kwa kuwa faili iliyokatika huanza vizuri.

Linabaki suala la wenye sauti. Diski inayokaa kwa jirani ina mazungumzo ya watu waliokubali kurekodiwa na mtafiti, si kusikilizwa na jirani, na kwa hiyo ifungwe kwa usimbaji. Hifadhi huria kama Zenodo, inayoendeshwa na CERN na kupokea hadi gigabaiti 50 kwa kila mkusanyiko bila malipo, inafaa kwa zile rekodi ambazo wazungumzaji wameridhia zitolewe hadharani. Kuhusu zilizobaki, nywila iandikwe katika karatasi, iwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa kwa mtu ambaye si yule anayetunza diski, na juu ya karatasi hiyo itajwe aina ya kibodi iliyotumika.